Shati la Mfuga Nyuki

Ljubljana, 2 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje tangu upasuaji? Mama hajambo? Mimi mzima, ila roho haitulii.

Mama kaniandikia eti jua likitoka utamshika nyuki wa kwanza akuume mkononi, kama kila mwaka, kuuamsha mwili. Baba, nakusihi, safari hii acha! Msimu mzima uliopita nyonga ilikuzuia kwenda mizingani, hukuumwa hata mara moja. Hapa maabara nashinda na seli za kumbukumbu, zile za kinga ya mwili. Zikishaijua sumu, hukaa mwilini miaka mingi, kimya. Siku ikirudi huamka mbio, na kwa watu wengine hugeuka zikaleta mzio: koo linaziba, mtu anaanguka. Kwenye kifurushi kuna sindano mbili za adrenalini, za kudunga pajani pumzi ikiziba, daktari wako ameziandika. Kaa nazo.

Nijibu upesi.

Binti yako, Brina

Begunje, 9 Machi

Brina,

Marahaba. Nyonga inanisumbua kwenye ngazi, lakini nipo. Mama yako anauliza kama unakula.

Wee mtoto! Miaka arobaini nyuki wananiuma, leo uniambie mwili umenigeuka? Haya, sindano ziko kabati la jikoni, maana mama yako ananipigia kelele. Jua likitoka nakwenda kwenye mizinga.

Baba yako

Ljubljana, 20 Machi

Baba, shikamoo. Mko salama? Jua limewaka siku nne. Simu ya nyumbani inaita tu. Silali. Niandikie hata neno moja, hata tusi.

Brina

Begunje, 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kaa kwanza. Mama yako yu hai, tumerudi jana kutoka hospitali.

Nyuki aliniuma, hata sikuvimba. Nikarudi nacheka, nikavua shati nikampa mama yako, Neža wangu, alifue. Kumbe ndani ya mkono wa shati mlikuwa na nyuki mwingine, akamuuma. Mama yako alipiga yowe moja, midomo ikavimba, pumzi ikakatika. Nikamdunga sindano yako pajani, jirani akatukimbiza mjini. Daktari anasema nguo zangu ndizo zilizomponza. Miaka yote hiyo anafua sumu iliyokauka, anaumwa mara mojamoja, na mwili wake unakumbuka. Niliogopa, Brina. Sijawahi kuogopa vile.

Nikamwambia nauza mizinga yote, mnunuzi, Matevž, anakuja Jumapili. Unajua alinijibu nini, na midomo bado imevimba? "Uuze, halafu ushinde jikoni unanifunulia masufuria? Thubutu! Daktari kasema kuna sindano za kuuzoesha mwili hiyo sumu, kidogo kidogo, miaka mitano. Nitadungwa. Nyuki wako wabaki. Ila nguo zako, bwana, kuanzia leo utafua mwenyewe, hukohuko nje."

Matevž nimemwambia asije. Sasa nimesimama uani na beseni, na mama yako ananichungulia dirishani. Niandikie upesi, mwanangu: shati linafuliwa kwa maji moto au baridi?

Baba yako