Jina Ulilonikataza

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ulivyotaka. Kikuyu ni cha kuongea, ulisema, barua ni Kiswahili, tena Kiswahili safi. Nikiwa shule ya bweni nilikuwa nakuandikia ukurasa mzima wa salamu na mwishoni naomba sabuni. Barua ileile ilirudi, kalamu nyekundu imepita kila mstari, na chini umeandika: "Rudia." Sabuni haikuja mpaka nirudie. Basi hii ya leo nimeiandika kwenye meza yangu ya kulia hapa Silver Spring, na hakuna wa kuirudisha. Makosa yakae palepale yalipo.

Una miezi minne ardhini. Sikuja kukuzika. Makaratasi yangu bado yako kwa wakili, na nikitoka Marekani kabla hayajakamilika, kurudi nisahau. Akina mama wa kanisa letu la Takoma Park walikuja wakaimba, wakapika githeri na chapati, wakanishika mikono. Nilikaa kwenye kochi kama mgeni nyumbani kwangu na sikutoa chozi. Walidhani ni mshtuko. Ilikuwa ni hasira, Baba, na bado ninayo.

Wacha nianze pale ulipoacha simu.

Ilikuwa Jumamosi. Nilipiga kukuambia nina mimba ya miezi saba, na kwamba mwanamume mwenyewe ameshahamia Texas na hapokei simu. Kisha ukasema: "Akiwa mvulana, usithubutu kumpa jina langu. Jina langu si la kuokotwa njiani." Ukampa Mama simu. Hukuishika tena mpaka unakufa. Miaka mitano!

Ulijua vizuri ulichokuwa unasema. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babake baba. Upande wa baba usipokuwepo, hakuna aliyekuja kujitambulisha wala kuzungumza mahari, mtoto ni wa kwetu na jina ni la babake mama. Basi, hakuna njia ya tatu. Angekuwa Ndirangu kama wewe, na mimi ningekuwa namwita "Baba" nikimvalisha soksi, kama Mama anavyomwita kaka yangu Kariuki, wajina wa babake, "Baba" mpaka leo, mtu mzima na ndevu zake. Uliponinyima jina, ulimnyima mtoto mahali pa kusimama. Alikuwa hajazaliwa, na tayari umemfungia mlango.

Wakati huo nilikuwa namtunza mzee mmoja Mskoti, kwenye nyumba ya zamani ya mbao huko Takoma Park. Aliitwa Lachlan. Miguu ilikuwa imekataa kabisa, lakini kichwa kilikuwa kizima, na mdomo ndio usiseme. Nikimwogesha ananisimulia ukoo wake wote. Siku moja nikamweleza jinsi sisi tunavyopeana majina, nikijua nitamshangaza. Akaniangalia, akasema hata kwao ilikuwa hivyo hivyo: mvulana wa kwanza babake baba, wa pili babake mama. Aki nilicheka nikamwaga beseni zima sakafuni! Nilitamani sana kukupigia nikuambie hiyo, Baba. Ungeipeleka mpaka majilisi, walimu wenzako wangeisikia mwaka mzima.

Nikamuuliza jina lake lina maana gani. Akafurahi, maana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwa miaka mingi. Alisema ni jina la Kigaeli, lugha ya zamani ya kwao. Zamani hizo watu kutoka Norwei walikuwa wanawajia kwa mashua, wanachoma, wanapora, na Wagaeli wakaiita nchi ya wageni hao Lochlann, nchi ya maziwa. Maziwa ya maji, si ya ng'ombe. Wengine waliiba wakaenda zao. Wengine walibaki, wakaoa, wakalima, na watoto wao wakaitwa kwa jina la kule walikotoka baba zao. Hivyo ndivyo babu yake alivyomweleza. Alisema wasomi wengine wanalieleza vingine, na hilo halikumsumbua hata kidogo. "Ni jina la mgeni aliyekaa," aliniambia.

Tena huku ni adimu. Alikuwa amekaa Marekani tangu ujana wake, na alisema Lachlan mwingine hajakutana naye ila kwenye makaburi ya kwao. Hakuwa na mtoto. Ndugu yake alizaa wasichana watupu. Jina lilikuwa linaishia kwake, na alilisema hivyo bila kujihurumia, huku ananiambia nimkaushe katikati ya vidole.

Nilimwomba jina hilo wiki yangu ya mwisho kazini kabla ya kujifungua. Aliniuliza, "Na babako je?" Nikamwambia babangu amekataa. Akasema, "Basi lichukue. Mimi sina wa kumwachia." Akalitoa hivyo tu, kama mtu anayempa jirani chumvi.

Mtoto alipozaliwa, mama mmoja wa ofisi aliingia wodini na fomu ya cheti. Na mimi nikakutii, Baba. Hapo ndipo panaponiuma. Maisha yangu yote uliniita kichwa ngumu, na siku moja hiyo nikakutii neno kwa neno. Nikaandika Lachlan.

Kanisani walinicheka. "Nyawira, hili ni jina ama ni dawa ya kikohozi?" Lakini mwenyewe analipenda. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, ila ukimuuliza jina lake, utakoma: maziwa, mashua, mtu aliyebaki. Yule mzee Mskoti alimpakata mpaka mtoto akafika miaka miwili, ndipo mzee akafariki. Kuna picha. Kwenye picha hiyo nafasi ya babu ina mtu, na mtu huyo si wewe.

Mwezi uliopita binamu yangu alikuja kutoka nyumbani na kifurushi. DVD ya mazishi yako na bahasha ya kaki. Niliiweka DVD Jumapili baada ya kanisa, Lachlan amekaa chini na magari yake. Nikaona hema, matope, Mama amejifunga kitambaa cheusi. Kariuki akasimama kusoma wasifu wako. Akataja wajukuu mmoja mmoja, mpaka wa mwisho: "Na Ndirangu mdogo aliyeko Marekani, wajina wake, ambaye marehemu alimwombea kila asubuhi kabla ya chai."

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena.

Nikampigia Mama. Alikohoa sana kabla ya kusema. Eti wiki mbili baada ya mtoto kuzaliwa ulimuuliza, bila kuinua macho kwenye gazeti, "Amepewa jina gani?" Na Mama, ambaye hajui kudanganya hata mtoto, akasema, "Lako." Ulikunja gazeti ukatoka. Alikukuta zizini umekumbatia mwanambuzi, ukamwambia, "Huyu ni wa wajina wangu." Mama alikuwa analia akinieleza. "Nyawira, ningefanya nini? Alikuwa hali. Alikuwa amekonda, suruali inamwanguka."

Kumbe! Miaka yote hiyo Mama akinipigia ananiuliza, "Bwanangu hajambo?" nami nikacheka, nikajua ni utani tu, nyanya wote huwaita wajukuu hivyo. Kumbe hakuwa anatania, alitaka wewe usikie.

Nikamuuliza, kama ulifurahi hivyo, mbona hukunipigia? Akasema uliona haya. Kwamba ulikuwa umenitusi, mimi nikakuheshimu, na ukakosa pa kuanzia. Kila Jumapili ulikuwa unasema utaongea na mimi Jumapili ijayo.

Jumapili ijayo! Mwalimu mzima! Ulinisahihisha tangu nikiwa na miaka sita, na kujisahihisha wewe mara moja tu kukakushinda. Mtoto usiyemjua ulimpa mbuzi na maombi. Mimi niliyemzaa ukaniachia kimya, na sasa umeniachia kimya chenyewe kisicho na mwisho. Nilikuwa nakusubiri. Nilikuwa nampigia Mama saa ambayo najua uko mezani, nasikia kijiko chako kwenye kikombe.

Ndani ya bahasha kuna saa yako ya mkono, ile ya kutia ufunguo, na karatasi. Mwandiko umelegea lakini nukta zote ziko mahali pake. "Wajina wangu Ndirangu, saa hii ni yako. Mwambie mamako nimepokea."

Ulipokea nini, Baba? Mimi sikukupa kitu.

Sasa Kariuki ananipigia kila siku. Ati ni karatasi tu, niende mahakamani nimbadilishe mtoto jina, Mzee apumzike. Nilienda nikaichukua fomu, imekaa hapa mezani wiki mbili chini ya kikombe. Juzi nikaanza kuijaza. Jina la sasa nikaandika lote. Jina jipya nikaandika herufi tatu. Lachlan akaja, akaweka kidevu mezani, akataka kujua ni nini. Nikamuuliza kama angependa kuitwa kama guka, babu yake wa Kenya. Akafikiri, akaniuliza kwa hicho Kiingereza chake kama guka alitaka.

Ulitaka. Ulikataa. Yote mawili ni kweli, na mtoto wa miaka mitano hawezi kubebeshwa yote mawili kwa jina moja.

Fomu nimeichana. Kariuki atanuna, wacha anune. Wewe ulisema jina lako asipewe, na hakupewa, na sitaenda mbele ya hakimu kuufanya uongo wa Mama uwe kweli ili wewe utoke safi. Mwanangu ni Lachlan. Alipewa jina na mtu aliyelitoa mtoto angali tumboni.

Lakini saa ni yake, na hiyo sitamnyima. Nakuahidi nitaitia ufunguo kila asubuhi mpaka mkono wake uitoshe. Siku hiyo nitamweleza yote: maneno uliyoyasema kwenye simu, na mwanambuzi, na suruali iliyokuwa inakuanguka. Sitakupunguzia na sitakuongezea. Karatasi yako nitamsomea mwenyewe, na nikifika kwenye jina Ndirangu nitalisoma hivyo hivyo ulivyoliandika.

Kwaheri, Baba. Huko uliko ukikutana na mzee mmoja Mskoti mwenye maneno mengi, msalimie kwa heshima. Alikaa kwenye kiti chako ulipokiacha wazi. Ujumbe wako nimeupata, kwamba wewe ulipokea. Mimi bado nangoja Jumapili ijayo.

Mwanao,
Nyawira