Shingo Isiyotiwa Gundi

Tamagusuku, Nanjo,
Okinawa.
3 Machi 2024.

Mpendwa mwanangu Seiken,

Pokea salamu zangu kwanza, ugomvi utafuata. Hujambo wewe? Lidia mkeo naye, goti limepoa? Na binti yenu Naomi anaendeleaje na masomo? Nilisikia mvua iliwazidi huko Bolivia mwezi uliopita na soya ikalala majini. Natumaini mmeokoa kiasi cha kutosha, na kwamba nyumba imesimama salama.

Huku kwetu miwa inamalizika kuvunwa, na kijiji kizima kinanuka sukari guru inayochemka. Mimi ninapumua, hilo ndilo la kushukuru. Daktari anasema moyo wangu umechoka na haufai kusumbuliwa. Nilimwambia usumbufu wote nilionao unatoka ng'ambo. Kutoka kitandani hadi mbele ya vibao vya majina ya wazee wetu marehemu natembea kwa vituo kama basi la zamani, lakini nafika, na ubani nauwasha mwenyewe kila asubuhi. Barua hii pia nimeiandika kwa vituo. Ukiona mwandiko umebadilika, ujue nilipumzika.

Sasa tuje kwenye hasira.

Ulinitumia kwenye simu picha ya lile bamba la shaba mtakalolibandika ukumbini kwenu, Waokinawa wa huko, chini ya kabati la kioo. Nilivaa miwani nikalisoma. Linasema kwamba sanshin ya babu yako, ala yetu ya nyuzi tatu, iliokolewa vitani na baba yako Seijun, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyeibeba chini ya mabomu, na kwamba doa jeusi kwenye ngozi ya chatu iliyowambwa juu yake ni moshi wa vita. Na chini yake ukaniandikia, "Shangazi, nitakuja Aprili wakati ukoo unapokula pamoja makaburini, niichukue. Hicho ni chombo cha kiume, wewe utakifanyia nini huko?"

Nitakuambia nilichokifanyia. Ila lazima nianze mbali kidogo, uvumilie.

Mwaka jana, baada ya mazishi ya baba yako, walitangaza darasa kwenye ukumbi wa kijiji. Unapewa sanduku lenye vipande: shingo ya mti iliyochongwa nusunusu, tumbo la mbao lililokwisha kuwambwa kitambaa kilichochapwa magamba ya chatu, vigingi vitatu, nyuzi, kidaraja cha mwanzi na karatasi za msasa. Unajiundia sanshin yako mwenyewe. Nikaenda. Babu yako aliishi na sanshin miaka yote ile, na mimi sikuruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Alisema mkono wa mwanamke unalegeza nyuzi. Nilifundisha hesabu watoto wa nusu ya wilaya hii, wakawa mainjinia na madaktari, lakini nyuzi tatu ziliogopa mkono wangu.

Mitsu, jirani yetu unayemkumbuka kwa mdomo wake, aliponiona nabeba sanduku aliniuliza kama nimeamua kuwa mwanamume uzeeni. Nikamjibu kwamba nafasi zipo, maana wa kwake hajaitumia yake tangu aoe. Alicheka hadi akakaa kwenye ukuta. Kesho yake akaja darasani na sanduku lake.

Mwalimu wetu alikuwa Bwana Agarie, fundi wa sanshin, mtu mpole mwenye vidole vilivyoingia rangi nyeusi isiyotoka. Nilipiga msasa ile shingo mpaka mabega yakawaka. Upande mmoja niliula kupita kiasi, na hadi leo kidole gumba kinatumbukia pale kama kwenye shimo la jino. Vigingi nilivitengeneza vikawa vyembamba, nyuzi zikawa zinafunguka zenyewe katikati ya wimbo. Mitsu akasema babu yako alikuwa na haki: mkono wangu kweli unalegeza nyuzi. Nilikasirika, halafu nikacheka.

Kisha tukafika kwenye kuunga. Shingo ya sanshin ina ulimi mrefu unaopita ndani ya tumbo, ukaingia upande huu na kutokea upande wa pili. Wangu ulikuwa unachezacheza. Nikamwomba Bwana Agarie gundi. Darasa zima lilikuwa na watu wazima, na wote wakaacha msasa wakanigeukia. Wale wa hapa walijua, wageni wa Tokyo hawakujua, na mimi mzawa nikawa upande wa wageni.

Fundi hakunicheka. Alichukua kipande kidogo cha ubao, akakisukuma kando ya ulimi, shingo ikakaa kimya. Halafu akasema, "Sanshin haitiwi gundi, Mwalimu. Ngozi inakufa, tumbo linaoza, ila shingo ndiyo sanshin yenyewe. Ukiigundisha, siku ya kukimbia utakimbia na nini?"

Seiken, nilikaa chini pale pale sakafuni. Walidhani ni moyo. Ulikuwa moyo kweli, lakini si kwa namna waliyofikiri.

Nilimwona mama. Nilimwona bibi yako akiwa amepiga magoti katika nyumba yetu ya zamani, babu yako ameshachukuliwa jeshini, mizinga ya merikebu inapasua milima, na yeye ameshika ile sanshin kati ya magoti anaivuta shingo itoke. Ilitoka. Tumbo akaliacha sakafuni na ngozi yake nzuri. Shingo ile ya mpingo mweusi akaifunga kwenye mbeleko, nyuma ya mgongo wa mdogo wetu mchanga, kama kitu cha kumwegemeza. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilibeba chungu cha miso, rojo letu la soya, nikakivunja siku hiyo hiyo. Baba yako alibeba sufuria.

Ndiyo, sufuria. Aliivaa kichwani. Ndiyo iliyotuchemshia kila kitu tulichokula, hata majani ya cycad, mti wenye sumu, ambayo hayakufaa kuliwa. Bila sufuria ile hakuna Seijun, hakuna wewe, hakuna huo ukumbi wenu. Nataka nijue ni lini sufuria ilikuwa aibu, hata mtoto wa kiume aliyeibeba kwa ushujaa lazima mumvue na kumpa mzigo wa mama yake.

Mdogo wetu alifia pangoni. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo. Nitasema tu kwamba mama alimzika kwa mikono, na asubuhi yake akajifunga mbeleko tena, ndani yake ipo shingo peke yake. Watu tuliokutana nao njiani walimpisha akae kivulini wakidhani amebeba mtoto. Hakuwasahihisha.

Nyumba iliungua na lile tumbo. Babu yako alipotoka kambi ya mateka alitukuta kwenye hema, akapewa shingo yake, akalia. Akatengeneza tumbo la kopo tupu la maziwa ya Wamarekani na nyuzi za parachuti, akapiga, na hema zima likaimba. Mama akanyoosha mkono aiguse. Akaambiwa mkono wa mwanamke unalegeza nyuzi. Mama akaurudisha mkono wake. Nilikuwepo. Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo, ila sikuwa na jina la kuipa mpaka fundi alipoitaja gundi.

Kuhusu doa lako la moshi wa vita: ngozi ile ilinunuliwa Naha nilipokuwa nimeshaanza kufundisha, na mimi ndiye niliyeichagua pamoja na babu yako. Baba yako alikuwa ameshahamia Bolivia zamani, hakuwahi hata kuiona. Doa ni mchuzi wa mbuzi. Mume wa Mitsu aliumwaga kwenye sherehe ya kuingia nyumba mpya, akainama kuufuta akamwaga na pombe. Mkilibandika bamba lile, mtakuwa mmeutundika mchuzi wa mbuzi kwenye kioo na kuuinamia.

Sijui baba yako alikuambia nini hasa. Pengine alianza kwa kusema "tuliibeba", na huko ugenini, jioni kwa jioni, ikawa "niliibeba". Simlaumu sana. Alikuwa mtoto, aliogopa, na alikwenda mbali. Wewe nakulaumu, kwa sababu nilikuwa hai muda wote huo na simu unayo, na hukuniuliza.

Sasa sikiliza ungamo langu, maana nisingependa kufa nalo.

Picha ile iliponifikia, nilifunga mlango, nikaishusha sanshin ya babu yako kutoka mahali pake pa heshima. Nikaivuta shingo kama nilivyomwona mama akiivuta. Nikaitia kwenye tumbo langu la sandukuni, lile la kitambaa. Na ile shingo yangu ya darasani, yenye shimo la kidole, nikaipaka vanishi nyeusi mara kadhaa mpaka ikang'aa, nikaiingiza kwenye tumbo la zamani lenye doa. Nikaifunga vizuri kwa kitambaa cha hariri, nikaandika jina lako juu. Ungekuja Aprili, ungeipokea kwa mikono miwili, ungelia, ungekwenda nayo hadi kwenu Santa Cruz kama ngozi ya chatu ingeruhusiwa kupita forodhani, na maisha yako yote usingejua. Bwana Agarie angejua akiwa mlangoni. Wewe usingejua. Niliicheka hila yangu, nikaenda kulala nikiwa nimetosheka.

Lakini unajua desturi ya nyumba hii. Kila asubuhi nikishawasha ubani nawaambia wazee habari zote: nani kaumwa, nani kazaa, miwa imekwendaje. Bibi yako hakuwahi kuruka hata habari ya kuku, nami nimeshika njia yake. Basi asubuhi ile nikawaambia habari za miwa, nikanyamaza. Kesho yake nikawaambia kuhusu goti la Lidia, nikanyamaza. Nikafika mahali pa kukwepa macho ya kibao cha mama yangu kama mtoto aliyeiba sukari. Mimi, katika umri huu. Nikaona nimemfanyia mama kile kile ulichomfanyia wewe: nimeuchukua mzigo wake nikaufunika kwa uongo.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Kwa desturi shingo ile ni yako. Wewe ni mtoto wa kwanza wa mtoto wa kwanza, kama vile vibao ambavyo nimeviwashia ubani miaka yote hii kwa niaba yenu, kwa sababu nyinyi wenye haki mlikuwa mbali. Najua sheria ya ukoo, niliisoma usoni mwa baba yangu kila siku. Na bado sikupi.

Kama unataka kitu cha kutundika kwenye kioo, kile kifurushi chenye jina lako kipo. Ngozi ni ya dukani, shingo ni ya sandukuni, hadithi ni ya kutunga. Kinafaana na bamba lenu kabisa.

Shingo ya mama nampa Naomi.

Alinipigia simu mwaka mpya, hukujua. Aliongea kwa kujikwaa, Kijapani chake kinachechemea, lakini alinielewesha kwamba anajifunza kwa sanshin ya kuazima, na kwamba wazee wa ukumbini wakianza kupiga yeye huambiwa akalete chai. Akaniuliza, "Bibi, ya babu mkubwa ina sauti gani?" Katika ukoo mzima, hapa na huko, ndiye pekee aliyewahi kuniuliza inaliaje. Nyote mlitaka kujua iko wapi.

Basi usije wewe Aprili. Mtume yeye. Nitamwonyesha jinsi ya kuivuta shingo itoke. Haina gundi, haihitaji nguvu, inahitaji uamuzi tu. Akinikuta nimeshatangulia, Bwana Agarie atamwonyesha, nimeshamwambia. Tumbo langu la kitambaa litabaki huku, liwe la Mitsu, la kwake kalipasua. Naomi akifika nyumbani ajiundie la kwake, hata kwa kopo la maziwa. Atakosea. Aambiwe kwamba shangazi wa baba yake aliomba gundi mbele ya watu.

Na lile bamba lirudishwe kwa aliyelichonga. Liandikwe kwamba Seijun, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alibeba sufuria iliyotulisha. Nitakufa nikijivunia kaka yangu kwa hilo, na ukumbi mzima ujivunie. Asubuhi hii nimewaambia wazee yote, kuanzia vanishi hadi kifurushi. Sijui kama wamenisamehe, ila kibao cha mama nimeweza kukitazama.

Nisalimie Lidia, na dada yako Emiko na watoto wake, na mzee Yonamine wa ukumbini. Mwambie chai ajiwekee mwenyewe. Wazee wetu wawalindie mashamba, wawakinge na maji na ukame, na wakupe wewe moyo wa kuisoma barua hii mara ya pili ukiwa umeshapoa.

Ni mimi shangazi yako, ambaye hasira yangu kwako haijaisha na mapenzi yangu pia,

Nakandakari Tomi.

Nimesahau jambo moja. Kutoka hapa hadi kwenu ni safari ndefu, na kitu kile hakiwekwi chini na mizigo. Mwambie Naomi aje na mbeleko.