Safari Yetu Unayoisimulia Peke Yako

Kwako Baba Rahma,

Salamu nakupa kwa kuwa dini inataka, si kwa kuwa moyo unataka. Mimi niko hapa Ibra, mzima, sina kinachoniumiza isipokuwa wewe.

Habari zako zinanifikia. Nasikia kila Alhamisi barza yako huko Nizwa hujaa vijana wa Kiomani wanaotaka kwenda kutembea Ulaya, nawe unawafundisha namna ya kuizunguka kwa gharama ndogo, begi mgongoni. Unawaambia, "Mimi nilizunguka peke yangu." Peke yako! Basi mimi niliyekuwa ubavuni mwako mwaka ule wa sabini na sita, nimevaa buibui na viatu vya mpira, nilikuwa nani? Mzigo?

Hayo ningeyameza, kama nilivyomeza mke wa pili na talaka iliyofuata. Lakini mwezi uliopita mwanetu alikupigia simu kutoka chuoni kwake Uingereza, kukuomba ruhusa azunguke kwa treni wakati wa likizo, yeye na wenzake wawili, wasichana wa Sur. Ukamjibu, "Mtoto wa kike hawezi safari ile. Mimi naijua. Ukienda, radhi yangu huna." Mtoto akanipigia mimi, analia hata maneno hayatoki. Kwa hilo sikusamehe, na leo nasema mbele za watu.

Tuanze na mizigo. Vijana unawaambia wabebe kidogo. Wewe ulibeba nini? Sanduku la ngozi, kanzu zilizopigwa pasi, na vikopo vya halwa kwa kila jamaa yetu aliyekuwa akiishi huko, maana huwezi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Halwa ile ilitutesa kutoka London mpaka Roma. Begi la mgongoni lilikuwa langu. Ndani yake mlikuwa na magauni mawili, tende alizotufungia mama yako, na doti moja ya kanga. Kanga moja ilikuwa shuka, taulo, pazia na mswala, na ya pili inakauka ikingoja zamu yake. Hilo la kanga nasikia nalo unalifundisha, ila siku hizi unasema "kitambaa chepesi".

Na kile kisa cha papa mkavu unachowachekeshea watu? Papa yule alinunuliwa na kaka yangu kule Sur, na aliyemfungua ni mimi. Tulipanda treni ya usiku ili tusilipe hoteli, watu wamebanana, mguu huna pa kuuweka. Nikatoa kipande nile na mkate. Harufu ilipotanda, akatoka mmoja, akafuata wa pili, mwisho tukabaki sisi na viti vyote, tukajinyoosha. Ukaniambia, "We mwanamke, unanifedhehesha." Kisha ukalala fofofo mpaka asubuhi.

Unamkumbuka yule bibi wa Kijerumani aliyetupangisha chumba shambani kwake? Alikukaribisha supu, ukasema hapana, umeshiba, kama tulivyolelewa, ukingoja akushikilie. Akaiondoa sahani. Mimi nilisema ndiyo papo hapo, nikala, nawe umenitumbulia macho kama paka. Nikakupenyezea mkate chini ya meza. Ulicheka huku unatafuna, ukapaliwa. Nilikupenda siku ile, sifichi, na ndiyo maana nina hasira hivi.

Sasa nije pale usipopataja barzani. Umewaambia vijana kwamba treni za huko hukatwa njiani, mabehewa ya mbele yakaenda mji huu na ya nyuma mji mwingine, kwa hivyo mtu asome kibao cha behewa lake kabla hajakaa? Umewaambia ulijuaje? Ulikwenda mbele kutafuta chai, ukanogewa na mazungumzo. Tulipofika Basel treni ikakatwa, ukapelekwa kwako nami kwangu. Pasipoti zote mbili nilikuwa nazo mimi, nimezishonea ndani ya nguo. Nikashuka kituo kilichofuata, nikauliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikarudi, nikaifuata njia uliyopelekwa, kituo kwa kituo. Nikakukuta kwenye benchi la stesheni ndogo, kofia mkononi, unalia. Uliponiona ukanishika mkono mbele za watu, wewe ambaye hukupata kunishika mkono hata uani kwetu. Ukasema, "Mke wangu, wallahi usiniache tena."

Sikukuacha. Aliyeacha ni wewe.

Na leo wewe ndiye wa kumwambia mwanangu hawezi! Mtoto anayesoma ratiba za treni kwa lugha mbili, aliyefunzwa na mimi kufua nguo kwenye beseni la kunawia na kuomba chumvi na moto kwenye majiko ya hosteli. Ulichomkatalia si safari. Unaogopa asije akafika kule akajua hadithi yako ilikuwa ya nani.

Basi ujue kwamba siandiki kukuomba ruhusa. Radhi nimempa mimi, yote, sikubakisha. Rahma yumo safarini tangu Jumatatu. Tumepatana kila mji akifika atapiga simu, si kwangu wala kwako, bali kwa mama yako, hapa Ibra. Ukitaka kujua mwanao yuko wapi, utamwuliza yeye.

Na mama yako unamjua, hasomi herufi hizi za Kizungu. Jana alasiri nilikwenda nikamwamkia, nikakaa chini mkekani, nikamsomea yote haya. Nilipofika pale pa benchi akaninyamazisha kwa mkono.

"Alilia?"

"Alilia, mama."

"Na kwa mtoto ndo anajifanya simba?" Akatafuta kanga yake, akajitanda vizuri, kama mtu anayetaka kupokea mgeni. "Mwambie aje. Anatishia watu radhi, kwani yeye yangu anayo? Khalas, aje aiombe."

Ujumbe nimekufikishia kama ulivyo. Njia ya kutoka Nizwa unaijua, na mlangoni kwake hutaingia na mtu wa kukushika mkono.

Ndimi,
Mama Rahma, aliyekuwa mkeo