Nimepangiwa Falsafa, Moyo Uko kwenye Takwimu

Shangazi Felisita, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijapanda basi Jumatatu, mimi ni kijana wa Mwamapalala, mwaka huu nimechaguliwa chuo pamoja na wenzangu wawili wa hapa hapa, sasa kaka Mayunga, ambaye ndiye mzoefu maana mwaka wa kwanza anausoma mara ya pili, alituita akasema chuo ni shamba kubwa, mtu mmoja halimalizi, kwa hiyo tujiandikishe wote masomo yale yale halafu tugawane kama tunavyolima kwa zamu, Dastan aingie darasa la Uchumi kwa niaba yetu, Marcelo aingie Sheria, mimi nikapewa Falsafa ambayo hata sijui inahusu nini, na yeye Mayunga awe nsumba ntale, kiongozi wetu kama yule wa vijana wa kulima, asiwe na somo bali atusimamie, na mimi nikaitikia, ila moyo wangu uko kwenye Takwimu, tangu hawa wanunuzi binafsi wa pamba waje kila mmoja na bei yake mimi ndiye ninayewapigia watu hesabu hapa kijijini na naipenda kazi hiyo, lakini Mayunga anasema Takwimu ina miiba, na shida ni kwamba kundi linalomlimia mama yangu Nyanjige, ambaye ni mjane, linaongozwa na mdogo wake Mayunga, nikijitoa huko chuoni nao watajitoa shambani, na mvua ndizo hizi, nifanyeje shangazi?

Ndaki, Mwamapalala, Bariadi

JIBU

Mwangaluka, Ndaki. Hongera kwa kuchaguliwa chuo, na pole kwa kufungasha jembe badala ya akili.

Nimecheka, halafu nikakasirika. Nchi nzima inabinafsisha, nyinyi watatu mmetaifisha masomo, na umeneja mkampa mtu anayerudia mwaka. Tena amejipangia kusimamia tu. Umewahi kuona wapi nsumba ntale asiyeshika jembe? Dastan akilima kwenu wewe ukiwa kitandani, shamba limelimwa. Siku ya mtihani wa Uchumi atakaa kwenye meza yake, na wewe kwenye yako, ukisoma kisogo chake.

Hofu yako juu ya mama siichezei. Mjane akikosa vijana wa kulima, pamba yake inachelewa, najua. Basi Jumamosi kundi likienda kwake, kamata jembe, lima nao mpaka jua la utosi. Mkikaa kula, sema mwenyewe, mama akisikia, kwamba unakwenda kusoma Takwimu. Usimtume mtu, wala usingoje uwe dirishani mwa basi. Watanung'unika kidogo. Huyo mdogo wake Mayunga akitaka kumnyima mama yako jembe, na atamke hapo hapo, mbele ya wenzake, michembe ya viazi ya mama yako ikiwa mdomoni.

Ukifika chuo, usijiandikishe kwa kufuata mgongo wa mtu. Mtafute mwalimu mshauri wa idara, umuulize lipi ni la lazima, lipi la kuchagua, na Takwimu inadai nini, kisha uandike kwa mkono wako. Jioni kaeni mfundishane, kila mmoja akiwa ametoka darasani kwake. Zamu ya namna hiyo siikatai.

Falsafa mwachieni Mayunga. Na yeye anahitaji somo moja la kuanzia.