Kiungo cha Nyuma Kimekataa Kutoka

Changamwe, Alhamisi, Septemba 1961

Na bado kilikuwa kimejaa grisi! Hilo ndilo linaloniuma. Juzijuzi tu mimi na mwenzangu Mwakio tulikitengeneza upya kiungo kile cha nyuma, pale boila inapokalia magurudumu, hata injini nzima ya garimoshi ikawa inapinda kona bila kulia. Wallahi, nilidhani inarudi Voi kuvuta mizigo.

Leo msimamizi kaja na chaki, akaichora msalaba ubavuni. "Ikatwe, Hamisi. Dizeli zimefika." Basi. Hata salamu hakutoa.

Tukaamriwa tuitenganishe sisi wenyewe. Kiungo cha mbele, kilichochakaa, kilitoka bila taabu. Cha nyuma kikakataa. Tulipiga nyundo, tukainua kwa jeki, Mwakio akakitukana kwa Kitaita chote anachokijua. Nilikifunga vizuri mno. Mwisho ikabidi kikatwe kwa moto wa gesi. Grisi yangu ikaungua, moshi ukatuingia machoni. Mwakio akasema ni moshi. Nami nikasema ni moshi.

Sijui sisi nasi tutachorwa lini hiyo chaki. Dizeli mimi siijui, na umri huu kuanza kufundishwa...

Kila nikirudi kazini mke wangu huniulizia injini ile kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Leo kanipokea kofia, akauliza vilevile:

"Imepona?"

"Imepona, Mama Zuhura."

Akasema alhamdulillahi, akaenda kunitilia chai.