Sikio la Kushoto

Jumanne, 6 Mei
Asubuhi nimekaza ngozi ya ngoma ndogo, nimepangusa matoazi, nimepokea kreti za bia. Saa nane mvua ya mawe, kama kawaida. Mabati ya klabu yakawa yanalia upande mmoja tu. Nilidhani mawe yanaanguka kulia peke yake. Nikageuka. Kelele nayo ikahamia upande ule mwingine wa paa. Nikaziba sikio la kulia kwa kidole. Kimya. Mawe yanaruka mlangoni, nayaona, siyasikii.
Itakuwa ni nta tu.

Jumatano, 7 Mei
Si nta. Nimetia mafuta ya vuguvugu. Hakuna kitu. Ndani kuna mluzi, kama birika linalokaribia kuchemka na halichemki.
Naogopa. Basi.

Ijumaa, 9 Mei
Daktari wa masikio, Kericho mjini. Kijana, mpole. Akasema niinue mkono nikisikia mlio. Kwa sikio la kulia nikainua, nikainua. Kwa la kushoto nikakaa na mikono mapajani mpaka nikaona aibu.
Mshipa wa kusikia, anasema. Huja ghafla, mara nyingi bila sababu inayojulikana. Vidonge, wiki mbili. Sikio likirudi, litarudi sasa. Kisha akauliza kazi yangu.
"Napiga ngoma," nikasema. "Jazz. Na klabu ni yangu."
Akaweka kalamu chini.
"Mama, hilo lililobaki ulilinde na kelele. Hatuna la akiba."
Nilianza na ngoma ya kanisa, Kapsoit. Nikatoroka na bendi ya hoteli. Baba hakunisemesha tena mpaka nilipofungua pahali pangu. Siku hiyo akaja, akaketi na soda, akatikisa mguu. Sijui kazi nyingine.
Binti yangu Cheruto alipiga simu kutoka Kabianga, anakofundisha. Nikamwambia niko salama. La sikio sikulitaja.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeharibu. Klabu imejaa. Mpiga gitaa la besi husimama kushoto kwangu, na leo besi yake sikuisikia. Niliona vidole vinatembea kwenye nyuzi, nikakisia. Wimbo wa pili nilikuwa mbele yao. Wa tatu, nyuma. Watu wakaacha kucheza. Nadhani mmoja alisema kitu, kwa sababu wengine walicheka. Kipkemoi wa saksafoni akageuka, akanitazama kama mtu anayetazama maiti. Nikaangusha kijiti. Nikasingizia tumbo. Nikajifungia stoo kati ya kreti.

Jumapili, 11 Mei
Kipkemoi amekuja na suti yake ya kanisani. Tumepiga pamoja tangu enzi za hoteli. Akaketi kushoto kwangu, akaongea. Mimi nikaendelea kukata sukuma wiki. Akahamia kulia.
"Tangu lini, Mama Cheruto?"
Nikalia kama mtoto. Nikamwambia siogopi hili lililokufa. Naogopa la pili. Niamke siku moja na yote yamezimwa.
"Hata mimi ningeogopa," akasema.
Hakujaribu kunituliza. Akachukua kisu, akakata sukuma pamoja nami.

Ijumaa, 23 Mei
Vidonge vimeisha. Sikio halikurudi. Daktari alinionyesha mstari wa kipimo kwenye karatasi, umelala chini kabisa.
Nikivuka barabara ya Kisumu, lori likanipita kushoto, karibu sana. Upepo wake ulivuta sketi yangu. Sikulisikia hata kidogo. Nilikaa kwenye ngazi za duka.
Niache kupiga. Halafu niwe nani? Hilo pia linanitisha. Sijui lipi zaidi.

Jumatano, 28 Mei
Spika kubwa zimetoka. Besi imehamia kulia kwangu. Vijiti nimevifungia kabatini. Sasa ni brashi, zile nyuzi za waya zinazofagia ngozi badala ya kuigonga. Sikio zima nimelitia kizibo alichonipa daktari. Nikiwa nacho nasikia nusu ya mambo. Nusu nyingine natazama mabega ya Kipkemoi. Akivuta pumzi, naingia.
Wimbo mmoja, alasiri yote. Nilikosea, nikatukana, tukarudia.

Jumamosi, 31 Mei
Tumepiga. Vijana waliondoka mapema, wakasema hapa pamekuwa matanga. Waliobaki walisogeza viti karibu. Hofu haikuondoka. Nilipiga nayo hivyo hivyo. Kipkemoi hakugeuka kunitazama hata mara moja. Ndipo nikajua niko sawa.

Jumapili, 1 Juni
Cheruto amekuja kula nami. Baada ya chakula nilijilaza kwenye kochi, na sikio zima likazama kwenye mto. Kila sauti ikaondoka. Hata ng'ombe wa jirani. Nilitaka kugeuka. Sikugeuka. Nikakaa humo kidogo, nione kulivyo.
Mkono ukanigusa bega. Cheruto, na kikombe cha chai.
"Mama, nimekuita mpaka nimechoka."
"Sikukusikia," nikasema.
Akataka kucheka. Kisha akaniangalia vizuri. Nikasogea, nikamwonyesha upande wa kukaa, kulia kwangu.