Mume Wangu Anaruka Ukuta kwa Sababu ya Leseni

Mshauri mpendwa, nakuomba unishike mkono, maana nimekaa hapa na kalamu sijui nilie au nicheke, na mwenzio nimeshafanya yote mawili tangu asubuhi, mpaka mgeni wa chumba cha uani akatoka na mswaki mdomoni kuniuliza kama niko salama, nikamwambia niko salama, ni mapenzi tu, akarudi ndani akafunga mlango.

Mimi ni mke wa mtu, watoto wetu wamekua na wana kwao, na kabla ya kustaafu nilikuwa msimamizi wa ufuaji kwenye hoteli kubwa, kwa hiyo nikikukunjia taulo utaona huruma kulifungua. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Tuna nyumba mbili zinazopeana mgongo, ya mbele ndiyo tunayoishi, ya nyuma niliachiwa na shangazi yangu marehemu, na katikati kuna ukuta mmoja unaonifika kidevuni, lakini mageti yanatazama mitaa tofauti, ukitaka kuzunguka kwa miguu lazima upite mbele ya kinyozi, mbele ya duka la dawa na mbele ya kila mwenye macho. Vyumba vya ziada tunawapangisha wageni wa siku mbili tatu, watu wa semina, watu wa harusi, watu waliokosana na wenzao nyumbani, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hadi sheria mpya ilipotoka.

Sheria yenyewe haina mafumbo. Ukitaka kupokea wageni wa muda mfupi lazima uwe na leseni, leseni inatolewa kwa nyumba ambayo mwenyewe analala humo, na kaya moja inapata leseni moja. Sisi ni kaya moja, nyumba mbili. Tukaenda ofisi ya leseni kuuliza tu, nakuapia kuuliza tu, dada wa dirishani akatutazama huyu na huyu, akasema, "Nyie si mke na mume?" na mimi nimeshafungua mdomo kusema ndiyo, mume wangu akaniwahi, "Tulikuwa. Tumetengana."

Mshauri, mtu huyu hajawahi kudanganya hata umri wake, lakini siku hiyo aliinamisha kichwa, akashusha pumzi, akasema, "Yeye amebaki nyumba ya mbele, mimi niko ya nyuma," kwa sauti ambayo hata mimi nilimwonea huruma, na yule dada akanisogezea tishu akanishika mkono, na mimi kicheko kimenibana nimejifunika uso, mabega yanatikisika, akadhani nalia, akatupokelea maombi mawili hapo hapo, akasema tuendelee na wageni wetu mpaka atakapokuja mwenyewe kukagua kama kweli kila mtu analala kwake.

Basi mume wangu akahamia nyuma na begi lake, na redio yake, na kile kiti chake cha kutazamia taarifa ya habari. Nikasema sasa nitapumzika. Nikwambie ukweli, kabla ya hapo tulikuwa tumekwisha, hatugombani, hatununiani, tunaishi tu, yeye na taarifa ya habari, mimi na pasi, na kutwa nzima neno lake kwangu ni "chumvi iko wapi", na chumvi iko pale pale ilipokuwa tangu tuoane.

Siku hiyo hiyo aliyohama akanipigia simu. Mume wangu huyu, ambaye simu kwake ni ya wateja. "Samahani kwa usumbufu," akasema, "kona ya shuka inakunjwaje?" Nikamweleza hakuelewa, nikamwambia basi njoo nikuonyeshe, akasema akizunguka barabarani watu watamwona na tumeshatangaza tumetengana, kidogo nikasikia kishindo uani, kutoka nje namkuta fundi wangu amekaa juu ya ukuta, kavaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, limenyooka upande mmoja tu, ananiambia, "Hodi."

Nikamfundisha kona ya shuka. Kesho yake akawa ameisahau. Keshokutwa akaisahau vizuri zaidi. Mtu anayefumua jokofu likawa vipande sebule nzima na akalirudisha bila kubakiza skrubu, ashindwe na shuka? Nilijua, naye akajua kwamba ninajua, na hakuna aliyesema, mimi nikaanza kupaka wanja wa kwenda kuanua nguo. Jioni tunakunja taulo na kuzungumza, mshauri, tunazungumza, jioni moja akaniambia macho yake yameanza kukosa nyaya ndogo ndani ya mashine na anaogopa, jambo alilonificha muda wote tukilala kitanda kimoja, nikamshika mkono juu ya rundo la taulo, na moyo ukanienda mbio kama wa msichana, na kwa umri huu moyo ukienda mbio mtu unajiuliza kwanza kama ni presha.

Sasa balaa. Mgeni wangu mmoja, mama mtulivu aliyekuja kwa usaili wa kazi, alipoondoka akaandika maoni kwenye tangazo letu mtandaoni, kwa nia njema kabisa, "Nyumba safi, taulo za ajabu, mwenyeji ana mchumba mwenye adabu, hupiga hodi hata akiwa juu ya ukuta." Na mama mkwe wangu siku hizi anaperuzi simu kuliko sisi sote. Akaja na uso wa msiba. "Nilisikia mmetengana nikanyamaza," akasema, "sasa nasoma una bwana wa ukutani." Nikamwambia, mama, huyo bwana ni mwanao. Akaniangalia kwa masikitiko. "Mwanangu ana mgongo. Hawezi hata kuokota sabuni."

Ameitisha kikao cha familia Jumapili, na ameshamtafutia mwanawe mjane mmoja mwalimu, mpole, anasema huyo hata mwandiko wake umetulia. Nilipomsimulia mume wangu alicheka mpaka akateleza ukutani, na sasa mgongo anao kweli. Na yule dada wa leseni naye amenipigia kuniambia wiki ijayo anakuja kukagua, tena akanifariji, "Jikaze dada yangu, utapata mwingine." Nikamjibu nimeshapata.

Tukisema kweli, nyumba moja inakosa leseni na mume wangu anarudi na kiti chake, na mimi naogopa, naogopa sana, kwamba akirudi yeye yule mwingine hatakuja tena. Tusiposema, Jumapili naachwa rasmi na mtu anayenipenda. Nimrudishe mume wangu, au nibaki na mchumba wangu?

Ni mimi, Mama Taulo wa Nyumba ya Mbele

*

Mama Taulo,

Barua yako nimeisomea ofisini na imenibidi nisingizie kikohozi. Nimecheka vya kutosha, sasa futa wanja unisikilize.

Mmedanganya mtumishi aliye kazini, na mmemdanganya mtu mwema. Alikupa tishu yake. Akija wiki ijayo akakuta mashati ya fundi kwenye kamba yako, hatawanyima leseni ya nyuma peke yake, atawanyima na ile ya mbele ambayo ni haki yenu bila hata chozi moja. Wenye nyumba wengi mnaogopa sheria hizi kabla ya kuzisoma hadi mwisho, mnakimbilia ujanja wakati njia iko wazi pembeni. Ninyi mmevunja ndoa yenu kwa mdomo dirishani, wakati ilitosha kuuliza swali la pili.

Swali lenyewe lilikuwa hili: na nyumba ya nyuma tuifanyie nini? Leseni inahusu wageni wa muda mfupi. Mpangaji wa kukaa miezi, mwenye mkataba na shuka zake mwenyewe, si mgeni huyo. Waulize ofisini muda mfupi kwenu unaishia wapi na mrefu unaanzia wapi, kisha tafuta muuguzi, mwalimu, mtu aliyehamishiwa kazi, umpe nyumba ya shangazi kwa mkataba ulioandikwa. Najua, msimu wa harusi utawaza wale wageni wa siku mbili na roho itakuuma. Vumilia. Mpangaji wa mwaka haandiki maoni mtandaoni kuhusu mchumba wako.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi mnaongozana wawili, dirisha lile lile, kwa dada yule yule, kabla hajafunga safari ya kuja kwenu. Anayezungumza ni wewe. Mumeo asifungue mdomo, tumeshaona anachofanya akiachiwa nafasi. Mwambie hatujatengana, tulitamani leseni mbili, tunaondoa ombi la nyumba ya nyuma, tunaomba radhi. Atakasirika, mwacheni akasirike, na kama kuna adhabu ilipeni bila kulia kwa uongo tena. Nyumba ya mbele iandaeni kwa ukaguzi kama ulivyokuwa ukiandaa chumba cha mgeni rasmi hotelini: kizimamoto ambacho muda wake haujaisha, daftari la wageni linaloandikwa kila anapoingia mtu, majirani wapewe taarifa na namba yako ya simu, na leseni ikitoka namba yake ikae mlangoni na kwenye tangazo. Huyo kinyozi mjulishe kwanza, maana yeye ndiye atawajulisha wengine.

Mama mkwe usibishane naye. Mama aliyemwona mwanawe akishindwa kuokota sabuni hawezi kuamini maneno matupu. Jumapili, wajumbe wakishakaa, mwekee kiti uani kinachotazama ukuta, umpe kinywaji chake, kisha mwite mchumba wako. Lakini weka ngazi, Mama Taulo, pande zote mbili. Mtu wa umri huo na mgongo huo harushwi tena ukutani, hata kwa mapenzi. Apande polepole, akifika juu apige hodi kama kawaida yake, na mama ajionee bwana wa ukutani ni nani. Mwalimu wa watu apelekewe salamu na shukrani, hana kosa, na mwandiko wake uendelee kutulia huko huko. Kikao hicho ndicho kiwe mwisho wa ukuta. Mpangaji akiingia nyuma, uani ni kwake, na mtu anayekatiza uani kwa watu atafukuzwa na ufagio.

Sasa tuzungumze uliloniuliza hasa, maana hilo halimo kwenye leseni. Unaogopa ukuta ukiisha na mapenzi yameisha. Nimeisoma barua yako tena na tena, na sikuona ukuta ukifanya kazi yoyote ya maana. Nimeona mwanamume aliyeomba samahani kabla ya kuuliza. Nimeona shati lililopigwa pasi upande mmoja. Nimeona mwanamke aliyeweka pasi chini akasikiliza, maana nikukumbushe, shosti, kwenye ile nyumba iliyonyamaza mlikuwa wawili, yeye na taarifa yake na wewe na nguo zako, na wewe hukuwahi kumuuliza macho yake yanaonaje.

Hayo macho umeyataja katikati ya vicheko ukapita haraka. Mimi sipiti. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii, kabla ya mpangaji na kabla ya kizimamoto, na uingie naye ndani, usimsubiri nje. Fundi anayeogopa kupoteza macho alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia, na ilibidi ahame nyumba ndipo akakupata. Hilo lisitokee tena.

Akirudi, begi lirudi, redio irudi. Kile kiti kiachwe nyuma, mpangaji atakifurahia. Taarifa ya habari aitazame akiwa amekaa karibu nawe anakunja taulo, na akikuuliza chumvi iko wapi, usimwonyeshe kwa kidole, nenda naye.

Umeniuliza umrudishe mume au ubaki na mchumba. Mume mrudishe. Mchumba mwambie jioni, akitoka kazini, asiingie na ufunguo wake. Apite mbele ya kinyozi, apite mbele ya duka la dawa, asimame kwenye geti la mbele lenye namba ya leseni, apige hodi watu wote wakisikia, na wewe usiwe na haraka ya kufungua.

Na ile kona ya shuka, mwambie nimesema asiijue kabisa.